Jina Litakuja Baadaye: Uhakiki wa Mbao za Usanifu wa Kanga

Katika majarida ya fasihi tumezoea kuhakiki diwani, tenzi na tafsiri. Makala haya yanahakiki kitu kingine, ambacho hata hivyo hakiko mbali na ushairi kama kinavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza. Nakusudia ule ubao ambao msanifu wa nguo huutengeneza ili kuiwasilisha kazi yake kabla haijachapwa kitambaani. Ubao huo huwekwa mbele ya mwalimu, mbele ya mwenye duka, au mbele ya meneja wa kiwanda, nao ndio unaoamua mchoro upi utakuwa nguo na upi utabaki kabatini. Hoja yangu ni kwamba, kwa upande wa kanga, mbao zetu nyingi hutengenezwa kana kwamba kanga ni nguo isiyosema. Hasara ya mazoea hayo huipata lugha kabla haijaipata nguo.

Kwa faida ya msomaji asiyepata kuuona ubao wa namna hiyo, nitaueleza kwa ufupi. Ni karatasi ngumu au kadi nene, mara nyingi ya kipimo cha A3, A2 au A1, ambayo juu yake hupangwa hatua za mradi mmoja. Ubao wa kwanza kwa desturi hubeba dhamira: picha zilizokusanywa, vipande vya nguo kuukuu, makome, majani, nyuzi, chochote kile kilichomsukuma msanifu. Ubao wa pili hutaja rangi. Hapa idadi ina uzito wake, kwa sababu katika uchapaji wa skrini kila rangi huhitaji skrini yake, na kila skrini ni gharama. Msanifu anayeweka rangi tisa mahali ambapo nne zingetosha ameshaanza kushindwa kabla hajaulizwa swali. Ubao wa tatu huwa na michoro ya majaribio, wa nne huwa na mchoro uliokamilika pamoja na namna unavyojirudia, na wa mwisho huonyesha nguo ikitumika. Mtu akizisoma mbao hizo kwa mfuatano anatakiwa aone jinsi kila moja ilivyozaliwa na ile iliyotangulia. Picha ya jahazi iliyobandikwa katika ubao wa kwanza isipofika popote katika ubao wa nne, basi ilikuwa pambo tu, sawa na neno lililotiwa katika mshororo kwa ajili ya kujaza mizani.

Utaratibu huu ni mzuri, nami sina ugomvi nao. Lakini unafaa zaidi nguo za jora, zile zinazouzwa kwa mita, kama vile vitambaa vya mapazia, vya mashati na, kwetu sisi, vitenge. Katika nguo za aina hiyo mchoro hujirudia bila kikomo, na kipande cha sentimita 30 chaweza kumweleza mtazamaji yote yaliyomo katika mita 6. Kanga haiko hivyo. Kanga ina kipimo chake, kiasi cha sentimita 150 kwa 110; ina pindo lililoizunguka pande zote nne; ina mji katikati; na juu ya pindo la chini, katikati ya upande mrefu, ina jina. Hutoka kiwandani zikiwa mbili zimeungana, yaani doti, na mnunuzi huzikata na kuzipinda. Marudio ya kanga, basi, ni kanga nzima. Hakuna kipande kidogo chake kinachoweza kuziwakilisha sehemu nyingine, kama vile ukwapi wa mshororo mmoja usivyoweza kuuwakilisha ubeti. Msanifu anayekata kona ya pindo na robo ya mji, akavibandika ubaoni na kuviita kanga, ametuonyesha vitu viwili vizuri ambavyo bado havijakutana.

Historia ya nguo hii inatukumbusha kwamba umbo lake halikuja kwa bahati. Yasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za kuchapwa, wakaziunga sita kwa pamoja, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Na huko Mombasa hadi leo wengi huiita kanga leso. Neno kanga lenyewe husemwa kuwa limetokana na ndege kanga na madoa yake. Majina yalipoanza kutiwa, yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, na baadaye herufi za Kirumi zikachukua nafasi. Katika Mtaa wa Biashara, Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo historia yake huhesabiwa tangu 1887 na ambalo alama yake Mali ya Abdulla imejulikana na vizazi kadhaa vya wavaaji, limefanya kazi hii ya kuunganisha mchoro na usemi kwa muda mrefu kuliko wengi wetu tunavyoweza kukumbuka.

Kwa miongo mingi kanga hizo zilichapwa ng'ambo: Uholanzi, Uingereza, India, Japani. Kisha vikaja viwanda vya kwetu, kama vile Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mfanyabiashara wa pwani aliyeagiza kanga Uholanzi alipeleka maneno kwa wachapaji wasiojua Kiswahili. Karatasi ya agizo ndiyo iliyokuwa ulinzi pekee wa neno. Herufi ikikosewa pale, hakukuwa na jicho jingine njiani la kuirekebisha, na kosa lingerudi bandarini likiwa limechapwa maelfu ya mara. Ubao wa msanifu wa leo umerithi dhamana ya karatasi ile. Mchoro sasa hutumwa kwa kompyuta, na mchapaji aliye mbali hulichapa neno kama alivyolipokea.

Katika miaka ya karibuni nimealikwa mara kadhaa kuzitazama mbao za wasanifu chipukizi wa kanga, baadhi yao wakiwa wangali masomoni. Mimi si msanifu, na elimu yangu ya ushairi na ya kufasiri niliiokota mwenyewe vitabuni na barazani. Niliitwa kama mtu wa maneno, na kila mara niliombwa jambo moja: nisahihishe majina. Nitazungumzia miradi mitatu bila kuwataja wenyewe, kwani ninachokihakiki ni mazoea, na mazoea hayana mwenyewe mmoja.

Mradi wa kwanza ulihusu bahari. Ubao wa dhamira ulikuwa na picha za ngarawa, vipande vya kamba ya usumba, makome, na karatasi iliyopakwa maji ya chumvi ikaachwa ikauke. Rangi zilikuwa buluu tatu na nyeupe moja, uteuzi wa mtu anayejua kujizuia. Mji ulikuwa na jahazi moja kubwa lililotweka tanga, na pindo lilikuwa na mawimbi yaliyogeuzwa kwa ustadi kwenye pembe, pale ambapo wachoraji wengi hushindwa, maana pembe ya pindo ndipo mistari miwili inapotakiwa kupatana bila ya mmoja kumkata mwenziwe. Kwa kipimo cha mchoro pekee, kazi hii ingestahili sifa. Lakini mahali pa jina palikuwa na kisanduku cheupe, na ndani yake imeandikwa kwa herufi kubwa: JINA LITAKUJA HAPA.

Nilimwuliza mchoraji kama jahazi lile linakwenda au linarudi. Akanijibu kwamba hilo litategemea jina litakalopatikana. Jibu lile lilikuwa la kweli, na kwa hivyo linafaa kutafakariwa. Jahazi linaloondoka ni buriani, au ni kiburi, au ni mwanamume aliyechoka na nyumba. Jahazi linalorudi ni subira iliyolipwa. Jahazi lililotia nanga ni jambo jingine kabisa. Mchoraji alichora umbo la chombo bila ya kuamua safari yake, akategemea mtu mwingine, siku nyingine, aje amwambie alichokuwa akikichora. Katika ushairi tunafahamu kinachotokea mtunzi anapopanga vina vyote kwanza kisha akatafuta la kusema: vina hutimia, na shairi halipo. Ubao wa nne ulikuwa umekamilika kwa macho, lakini hoja iliyoanzia ubao wa kwanza ilikuwa haijafika.

Mradi wa pili ulikuwa na jina tayari. Dhamira yake ilikuwa usiku wa kusafiri: nyota, dira, mstari mwembamba wa pwani. Jina lililochaguliwa lilitokana na usemi ambao pwani yote inaujua, usisafirie nyota ya mwenzio. Ubaoni, hata hivyo, liliandikwa USISAFIRI NYOTA YA MWENZIO. Irabu moja ilikuwa imeanguka. Mwenye mradi alipoonyeshwa, alisema kwamba tofauti ni ndogo na kwamba watu watafahamu.

Naomba msomaji aitazame tofauti hiyo ndogo. Usisafirie ni kitenzi katika kauli ya kutendea: usifunge safari kwa kuifuata au kuitegemea nyota isiyokuwa yako. Ndani ya irabu ile moja mna baharia, mna mwenye nyota, na mna hatari ya anayeiga bahati ya mtu. Ukiiondoa, kitenzi hubaki hakina njia ya kuifikia nyota. Maneno yamekaa jirani bila ya kuhusiana. Sikio nalo hulalamika. Usemi wenyewe una mizani nane katika kipande cha kwanza, u-si-sa-fi-ri-e nyo-ta, na nne katika cha pili, ya mwe-nzi-o, na mzungumzaji hupumzika kidogo baada ya nyota kana kwamba anainua kichwa kuitazama. Mizani saba huuvunja utulivu huo. Mtu asiyejua kuhesabu mizani atasikia tu kwamba pana kitu kimepungua, na atakuwa na haki.

La kusikitisha ni kwamba kwenye mbao zile zile, rangi zilikuwa zimetajwa kwa namba zake kamili, ili mchapaji asije akakosea buluu moja kwa nyingine. Hakuna aliyesema kwamba tofauti ya buluu mbili ni ndogo na watu watafahamu. Uangalifu ulikuwapo, ila haukufika upande wa maneno. Nao haukufika kwa sababu utaratibu wa mbao, kama ulivyofundishwa, una mahali pa kukagulia rangi, mahali pa kukagulia marudio, mahali pa kukagulia kipimo, na hauna mahali pa kukagulia lugha.

Pana ugonjwa mwingine ambao kama mfasiri nimeuona kwa karibu. Mara nyingine huletewa jina likiwa katika lugha ya kigeni, kutoka kwenye maelezo ya mradi, nikaombwa nilitie katika Kiswahili. Maelezo hayo kwa kawaida huwa na maneno ya heri kuhusu wanawake, mazingira au umoja, na tafsiri yake sahihi hutoa kitu kama MWANAMKE JASIRI HUWAINUA WENZAKE. Sarufi haina kosa. Maana haina ubaya. Lakini hilo si jina la kanga, na sababu yake inaweza kuelezwa. Jina la kanga lina msemaji na lina mlengwa. Hata linapokuwa methali ya watu wote, likifika mwilini mwa mvaaji hugeuka kuwa neno la mtu huyu kwa mtu yule: jirani, wifi, mume, mke mwenza, au Mungu. Sentensi ile iliyofasiriwa haina anayeisema wala anayeambiwa, ni tangazo. Mwanamke ataivaa kanga yake kwa ajili ya rangi, na jina atalikunjia ndani.

Mradi wa tatu ndio ulionifanya niandike makala haya. Mwenyewe, binti mwenye miaka ishirini na kitu, hakuanza na picha. Ubao wake wa kwanza ulikuwa na maneno matupu: majina kumi na mawili yaliyoandikwa kwa mkono, kumi na moja kati yake yamepigwa mstari, na pembeni ya kila moja pana sababu ya kukataliwa kwake. Moja lilikuwa refu. Jingine lilitukana bila ya kuchekesha. Jingine lilikwisha kutumika sana. Lililobaki lilikuwa NIMESIKIA NIMENYAMAZA. Mizani tano kwa tano, vitenzi viwili vya wakati mmoja, na hakuna kiunganishi. Angeliweka NA katikati, usemi ungekuwa taarifa. Angeliweka LAKINI, ungekuwa malalamiko. Kwa kuviacha vitenzi vikae bila ya daraja, amemwachia msomaji aamue kama ukimya ule ni subira au ni deni litakalodaiwa.

Kisha akachora. Mji aliuacha karibu mtupu: rangi moja ya zambarau iliyokoza, yenye vidoto vidogo vya ndege kanga vilivyotawanywa kwa nafasi. Pindo, kinyume chake, lilikuwa limejaa korosho zilizobanana, kila moja imeelekezwa ndani, kama vichwa vilivyoinamiana kunong'ona. Nje maneno ni mengi, ndani pametulia. Hakuliandika hilo popote katika maelezo yake, wala hakuhitaji kuliandika. Ubao wa rangi ulikuwa na rangi tatu tu, zambarau, nyeupe na manjano, na ilieleweka kwa nini hazikuzidi. Hatua zote zilikuwa zimetokana na maneno yale mawili. Hii ndiyo maana ya fani kuoana na maudhui, ambayo sisi wahakiki tunaihubiri katika vitabu na tunaiona mara chache.

Hata kazi hiyo haikukosa dosari. Herufi za jina zilikuwa na miguu myembamba mno. Kwenye karatasi zilipendeza. Kwenye pamba, rangi husambaa kidogo, na skrini zikipishana hata kwa milimita moja, mstari mwembamba mweupe ulioko ndani ya zambarau humezwa. Herufi nene za kanga za zamani, ambazo baadhi ya vijana huziona za kishamba, zilitokana na maarifa haya: nguo hufuliwa, huchuja, husomwa kwa mbali na kwenye mwendo. Vile vile, alionyesha kanga moja badala ya doti. Anayeivaa doti huwa na jina kiunoni na jina jingine hilo hilo begani au kichwani, na usemi wa ukimya ukitamkwa mara mbili kwa mwili mmoja hubadilika kidogo. Hilo lilistahili ubao wake.

Suala la kipimo nalo lahitaji maneno machache, kwani hapa hesabu ndogo ingeweza kuziokoa kazi nyingi. Ubao wa A1 una sentimita 84.1 kwa 59.4. Kanga ikichorwa kwa nusu ya ukubwa wake inakuwa sentimita 75 kwa 55, nayo inaenea humo pamoja na ukingo mwembamba. Kwa robo ya ukubwa inaingia katika A3. Lakini wengi huipunguza hadi sehemu moja ya kumi, yaani sentimita 15 kwa 11, ili papatikane nafasi ya picha za dhamira, na hapo herufi yenye kimo cha sentimita 4 hubaki na milimita 4. Mtazamaji aliyesimama hatua mbili kutoka ubaoni ataona pindo, ataona rangi, na mahali pa jina ataona mstari. Kisha tunashangaa kwamba hakuna aliyegundua irabu iliyoanguka. Aliyelipunguza jina hadi lisisomeke amekwisha kulihukumu, hata kama hakukusudia.

Pia kanga hutandazwa ubaoni kama ramani, ilhali maisha yake si ya kutandazwa. Ikifungwa kiunoni, sehemu kubwa ya mji humezwa na mkunjo, pindo huonekana kuliko tulivyodhani, na kwa kawaida mvaaji hulipanga jina likae nyuma, lisomwe na anayefuata njia. Msanifu aliyeweka nguvu zake zote katikati ya mji amezitia pale ambapo jicho litafika kwa bahati. Kwa hivyo ubao wa mwisho, ule wa nguo ikitumika, kwa kanga ungefaa uwe na picha ya mtu aliyepigwa kwa nyuma, katika mwanga wa kawaida wa mtaani, kwa umbali wa hatua kadhaa. Mbao nyingi nilizoziona zina picha ya mbele, ya mwanamitindo aliyetabasamu, na jina liko upande ambao kamera haikufika.

Majumba ya makumbusho nayo yamechangia mazoea haya bila ya kukusudia. British Museum ya London ina kanga katika hazina yake, na mwaka 2013 ilizionyesha katika maonyesho ya nguo za Afrika. Ni jambo la heshima, na tafsiri za majina ziliweza kumfikishia mgeni angalau kivuli cha usemi. Ila kanga ya ukutani ni kanga isiyo na mgongo nyuma yake. Msanii aliyeelewa pengo hilo vizuri ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, mtoto wa msanifu wa nguo, na mshindi wa Tuzo ya Turner ya mwaka 2017. Katika mfululizo wake wa michoro uitwao Kangas from the Lost Sample Book, umbo la kanga linatumika kama ukurasa wa kitabu cha sampuli kilichopotea: mchoro na neno vimewekwa pamoja, na mtazamaji hujiuliza nani alisema, na nani aliambiwa. Himid hachori nguo ya kuuza. Lakini mwanafunzi wa usanifu atajifunza kwake kwamba sampuli isiyokuwa na neno ni sampuli iliyopungua.

Wapo watakaosema kwamba jina hubadilishwa. Ni kweli. Kiwanda chaweza kuuchapa mchoro ule ule kwa rangi nyingine na kwa jina jingine, maana jina ni skrini tu kama skrini nyingine. Lakini hata tuni ya tarabu yaweza kutiwa maneno mengine, na bado hakuna kikundi kilichopanda jukwaani kikampigia msikilizaji wimbo wenye nafasi tupu kwa hoja kwamba maneno yatakuja baadaye. Kubadilishika kwa jina ni sababu ya kuonyesha majina mawili au matatu ubaoni na kuupima mchoro kwa kila moja. Mchoro unaokubali kila jina bila ya kubadilika sura huenda haujakubali lolote.

Watasema tena: kisutu je? Kisutu cha harusi, kwa rangi zake nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa kawaida hakina jina, nacho ni mama wa kanga. Hoja hii ni nzito zaidi, na jibu lake ni kwamba ukimya wa kisutu ni uamuzi. Kila mtu anajua kisutu kinavaliwa na nani na kwa siku gani, na neno lingekuwa ziada. Msanifu anayetaka kutengeneza kanga isiyo na jina ana haki hiyo, na ubao wake utuonyeshe kwa nini. Kisanduku cheupe kilichoandikwa JINA LITAKUJA HAPA hakina undugu na ukimya wa bibi harusi.

Na watasema kwamba mbao husafiri, na watahini au wanunuzi wengine hawajui Kiswahili. Basi na iwekwe tafsiri chini, kwa herufi ndogo, kama tunavyofanya katika vitabu vya lugha mbili. Jina lenyewe lisiondolewe ili kumpendeza asiyelisoma, kwa sababu atakayeivaa nguo analisoma.

Napendekeza, kwa hivyo, utaratibu wa mbao za kanga uongezewe ubao mmoja, uitwe ubao wa jina, na uwe wa kwanza. Uonyeshe majina yaliyofikiriwa na sababu za kuyakataa. Ulionyeshe jina lililochaguliwa kwa ukubwa wake wa kweli, limechapwa au limepakwa juu ya kipande cha pamba, siyo karatasi. Jina hilo lisomwe kwa sauti mbele ya watu wasiopungua watatu wanaokijua Kiswahili, mmoja wao akiwa mtu mzima aliyezivaa kanga, kabla mchoro haujatoka mikononi mwa msanifu. Na pembeni pawe na mstari wa kumtaja aliyelitunga, kama si usemi wa watu wote.

Pendekezo hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Mchoraji wa kanga hulipwa, hata kama ni kidogo. Mwenye kiwanda hulipwa. Mtunzi wa maneno ya tarabu hutajwa, na mashabiki humjua. Mtunzi wa jina la kanga, ambaye usemi wake husomwa na watu wengi kuliko diwani zetu zote tukizipanga pamoja, hana mahali pa kuandikwa. Mara nyingi ni mwanamke aliyelisema dukani, au kwenye ngoma, au akimjibu mtu mlangoni, na muuzaji akalidaka. Binti wa mradi wa tatu aliandika chini ya ubao wake kwamba jina lile alilipata kwa mama mdogo wake, aliyelisema siku moja akikuna nazi. Ni mstari mmoja tu, kwa kalamu ya risasi. Katika mbao zote nilizoziona, huo ndio mstari pekee wa aina yake, na ningependa kuuona kwa wengine.